Mgongo wa dereva wa boda: usilale, anza mazoezi

Ndugu yangu, umeuliza kama uache boda ulale mpaka mgongo upone, au ununue mkanda wa kiuno. Huu ni mwaka wa pili unaumwa, kitanda hakitakusaidia. Misuli isiyotumika hulegea tu. Mkanda nao, tunza pesa yako: mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri usitumike kama tiba ya maumivu sugu ya kiuno.

Nenda kwa mtaalamu wa fiziotherapia (tiba ya mazoezi), hata hospitali ya Mulago pale Kampala wapo, akupime kwanza. Mimi nilianzishwa na zoezi moja: lala chali mkekani, kunja magoti, inua makalio polepole, hesabu mpaka 5, shusha. Mara 10. Siku ya kwanza nilitetemeka kama kuku aliyenyeshewa, mke wangu akacheka. Wiki ya sita nikawa nabeba jerikeni la maji bila kuguna. Kuuma kidogo si kuumia. Maumivu yakishuka mguuni, punguza.

Ukingoja abiria stejini, shuka utembee. Ila ukiona ganzi sehemu za siri, mkojo umegoma au unakuponyoka, au mguu umeishiwa nguvu, kimbilia hospitali siku hiyo hiyo.