Nilipie CCNA ama ninunue vyombo?

SWALI: Habari kaka mkubwa. Mimi ni fundi hapa Jinja, Uganda, mwaka wa tatu huu nafunga kompyuta na kuvuta kebo kwa mashule na maduka, digrii sina. Mwezi jana kulikuwa na kazi Kampala, wakachukua kijana mwenye CCNA, kile cheti cha mitandao cha kampuni ya Cisco, ambaye hata kubana RJ45, ile plagi ya kebo ya mtandao, mimi ndo nilimfundisha! Niko na shilingi milioni moja na nusu nimeweka. Nilipie mtihani ama ninunue vyombo vya kazi? Na kuna mtu ananiuzia maswali kwa WhatsApp, ati yanatoka hayo hayo.

JIBU: Mdogo wangu pole, lakini huyo kijana usimchukie. Pengine hawakuangalia kabisa nani anajua zaidi. Kampuni nyingi zinaishi kwa tenda, na kwa tenda wanaombwa sivii za mafundi pamoja na vyeti, tena Cisco wenyewe, kampuni ikitaka kuwa patna wao wa ngazi za juu lazima iwe na watu waliopita mitihani yao. Kwa hiyo cheti saa zingine ni bosi anakihitaji kuliko wewe, na mkono wako hauwezi kubandikwa kwa karatasi ya tenda.

Kazini sasa ni mambo mengine. Nimewahi kumkuta jamaa wa vyeti viwili amepanga waya rangi kwa rangi, chungwa na chungwa, kijani na kijani, testa ya kebo ikawaka taa zote nane akasema kebo nzima, na mtandao unakokota kama ng'ombe mgonjwa. Waya wa 3 na wa 6 lazima zitoke jozi moja, yaani waya mbili zilizosokotwa pamoja, hilo alilisoma, ila macho hayakuwa yamezoea na testa ya bei rahisi haikwambii.

Lakini na mimi nisijisifu. Nilifanya kazi miaka minne bila kusoma chochote, nikijiona simba. Shule fulani wakataka waifai kwa ofisi ya mkuu, nikaleta karauta kadogo ka nyumbani nikachomeka kebo kwa tundu la LAN, waifai ikawaka, nikala rolex yangu, chapati ya mayai, nikapanda taksi. Kesho yake kompyuta zingine ziko na intaneti zingine hazina, nikabadilisha kebo, nikabadilisha swichi, siku mbili nzima, kumbe kale karauta nako kanagawa anwani za IP zake, zile namba kila kompyuta inatumia kwa mtandao, kanashindana na rauta kubwa, na kila kompyuta inachukua za yule aliyewahi kujibu. Ni kuzima tu DHCP, hiyo kazi ya kugawa anwani, kwa kale kadogo, dakika moja! Nilikuja kuelewa baadaye nikisoma mambo ya CCNA, na mtihani wenyewe sikuwa nimelipia.

Kwa hiyo soma sasa, kulipa ngoja kidogo. Mtihani ni dola 300, inapita milioni moja ya kwetu, ukianguka unalipa upya yote, na ukipita cheti kinakaa miaka 3 tu halafu kinaisha. Packet Tracer, programu ya kujifunzia mitandao kwa kompyuta, ni ya bure, unajiandikisha Cisco Networking Academy unaishusha kwa laptopu yako. Toa kidogo kwa hio pesa ununue swichi ya mtumba unayoweza kuiingia na kuipanga, na karauta ka Mikrotik kamoja, uvivuruge usiku ukiwa nyumbani. Siku utakayoweza kutenganisha VLAN mbili, yaani mitandao miwili ndani ya swichi moja, kisha uzifanye zionane, na umweleze mwenzako kwa nini imekubali, bila kuchungulia popote, lipia. Na kazi zako piga picha, omba kila mteja namba yake uweke kwa sivii, miaka mitatu isiyoandikwa popote bosi wa Kampala ataionaje?

Hayo maswali ya WhatsApp achana nayo, Cisco wakikugundua wanaweza kufuta cheti na kukufungia mitihani, na hio pesa inatosha pakiti ya RJ45.