Mwanangu, umeuliza kwa nini sipumziki

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Muleba. Sisi huku wazima, kahawa imeanza kuiva, na yule mbuzi uliyetuachia amezaa mapacha.

Ujumbe wako nimeusoma. Unasema magoti yananiuma, umri umekwenda, na sheria ilishampa mwanamke haki ya ardhi tangu 1999. Sasa mimi, msaidizi wa kisheria nisiye na mshahara, nazunguka vijijini natafuta nini? Nakujibu kwa barua maana kwenye simu huwa unanikatiza.

Nianze na Holaria Pastory, maana kesi yake ilianzia hapahapa wilayani kwetu. Baba yake alimwachia shamba la ukoo kwa wosia. Alipozeeka na kukosa wa kumtunza, Agosti 1988 akaliuza kwa mtu wa nje ya ukoo, shilingi 300,000. Mwanaukoo mmoja akamshtaki. Mila yetu ya Kihaya, ambayo serikali iliiweka kwenye maandishi mwaka 1963, ilisema mwanamke ataitumia ardhi ya ukoo maisha yake yote ila kuuza asiuze. Mahakama ya Mwanzo ikabatilisha mauzo. Bibi akakata rufaa wilayani, akashinda. Yule mwanaukoo naye akapanda Mahakama Kuu ya Mwanza, na tarehe 22 Februari 1990 Jaji Mwalusanya akaamua kwamba haki za binadamu zilizoingizwa kwenye katiba mwaka 1984 zimeipiku mila hiyo: mwanamke atauza kwa masharti yaleyale anayouzia mwanamume. Bibi wa kijijini, shamba lake na wosia wa baba yake. Hukumu hiyo mpaka leo inasomwa na wanasheria wa nchi za mbali, na hapa kwetu kuna mabinti wanaopita karibu na mahakama kila gulio hawajawahi kulisikia jina lake. Hilo linaniudhi kuliko magoti.

Hiyo ya 1999 unayoitaja ni Sheria ya Ardhi ya Vijiji, na ni nzuri, sibishi. Mila inayomnyima mwanamke ardhi imeitwa batili. Baraza la ardhi la kijiji lina wajumbe saba, wanawake wasipungue watatu. Lakini mwanangu, ukoo ukiketi baada ya msiba haufungui kitabu cha sheria. Unafuata kanuni za urithi za kimila za mwaka 1963: mwana wa kiume wa kwanza mbele, wadogo zake wa kiume wakifuata, mabinti daraja la tatu. Mjane mwenye watoto hana fungu lake, atatunzwa na watoto wake. Wajane wawili wa Shinyanga walizipeleka kanuni hizo Mahakama Kuu. Mwaka 2006 mahakama ikakubali kwamba zina ubaguzi, kisha ikakataa kuzifuta. Ilibidi waende hadi kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa, nayo ikawapa haki mwaka 2015. Sasa niambie nani atulie.

Nikueleze kikao kimoja, majina nayaacha. Nilimsindikiza mjane mmoja. Wazee wamekaa kwenye viti, yeye na wifi zake chini kwenye mkeka. Katibu wa kikao ameshaandika muhtasari wa kupeleka mahakamani kufungua mirathi, karatasi imekunjwa mara nne, wino tayari, anaombwa aweke dole gumba. Nikasema kwa adabu, jamani tusomeeni kwanza. Ukasomwa kwa haraka kama matangazo ya vifo. Warithi: wana watatu wa kiume. Jina la mama limo, ndiyo, chini kabisa, kwenye orodha ya waliohudhuria! Mwanamke aliyeweka samadi kwenye kile kibanja miaka yote, anayeijua migomba yake mmoja mmoja, ameandikwa kama jirani aliyekuja kutoa pole. Hakutia dole. Kikao kikavunjika kwa kelele, nami nikaitwa mvunja nyumba za watu. Muhtasari uliandikwa upya baadaye, jina lake na la binti yake yakiwa kati ya warithi. Kesi nyingine, nisikudanganye, zimetushinda, na mama wa watu anaishia kulima njugumawe kwenye rweya, ile mbuga ya nyasi, tena ya kuazima.

Kazi yangu ndiyo hiyo. Kuketi, kusikiliza, kuomba karatasi isomwe kwa sauti. Semina za mjini wanatupa kalamu na soda, nashukuru, lakini hati ya hakimiliki ya kimila inajazwa kijijini. Fomu ina nafasi ya majina ya mume na mke, na karani mwenye haraka anajaza moja. Ukiwa pale unamwambia, "Mwanangu, bado jina la mama." Mara nyingi anaandika wala habishi. Alikuwa hajaambiwa tu.

Baba yako hajanizuia, nalo uliuliza. Wenzake walimwuliza kwenye rubisi, pombe yetu ya ndizi, mkeo anawafundisha nini wake zetu? Akawajibu, "Kamwulizeni mwenyewe, mimi nimekuja kunywa."

Kupumzika nitapumzika. Kuna wasichana wawili nawafundisha kuandika malalamiko ya baraza, mmoja ana mwandiko mzuri kuliko wangu. Wakikaa sawa nitabaki na kahawa yangu.

Na sasa zamu yako. Kile kiwanja mlichonunua Buswelu, mkataba wa mauziano umeandikwa jina la nani? Usinijibu "yetu sote". Ufungue, usome, unipigie picha ya ukurasa wa majina unitumie. Mkwe wangu akiuliza, usimfiche: mwambie ni mimi niliyetaka kujua, na kwamba Desemba nikija kuwaona nitauliza tena mbele yake.

Mama yako