USIMWAGE mradi mzima ndani ya /var/www/html

Mkuu wa Tabora, acha kwanza. Kama hujabonyeza Enter, toa mkono kwenye kibodi. Nimesoma kwamba mfumo wa oda za asali wa kikundi chenu umekamilika kwa Laravel (kiunzi cha kujengea mifumo ya PHP), seva ni Ubuntu yenye Apache (programu inayowapa wageni kurasa), ila mtu akiandika anwani yenu analetewa ule ukurasa wa "It works!" badala ya mfumo. Umeuliza pia habari za https, na kama uhamie Nginx, mshindani wa Apache. Hayo yanaweza kusubiri. Kilichonitoa jasho ni ile sentensi uliyoitupia mwishoni: "kuna jamaa kanishauri nifute index.html, nihamishie mradi wote ndani ya html, nilete index.php na .htaccess juu kutoka public, halafu nipige chmod 777." (Hiyo html ni /var/www/html, folda ambayo Apache huifungulia watu; public ni folda pekee ya mradi inayokusudiwa kuonwa na watu; .htaccess ni faili la maagizo kwa Apache; chmod 777 humpa kila mtumiaji wa seva ruhusa ya kubadilisha mafaili.)

Huyo jamaa sijawahi kumwona lakini ukoo wake naujua. Wa kwangu nilimkuta kwenye video. Sauti tamu, amri anazichapa bila kusita, mwisho ukurasa unafunguka, anasema "tumemaliza" na kuomba watu wabonyeze kengele. Kengele nilibonyeza. Ingekuwepo ya kuita polisi ningeibonyeza baadaye.

Nilikuwa nimemtengenezea mama mmoja wa Kibirizi, hapa Kigoma, mfumo wa kupokea oda za dagaa na mawese kutoka kwa wateja wake wa mikoani. Nikafuata video neno kwa neno. Ukurasa ukafunguka, mama akanimalizia hela yangu, nami nikatembea Mwanga nzima kama mhandisi. Baadaye wateja wakaanza kumpigia simu: mbona unatutumia barua pepe za mikopo? Akanigeukia, "Mwanangu, mimi nauza dagaa, mikopo nimeanza lini?" Wakati bado nahangaika na hilo, orodha nzima ya oda ikafutwa, likaachwa jedwali moja lenye ujumbe wa kudai bitcoin. Nakala ya akiba niliyokuwa nayo ilikuwa ya zamani mno. Kilichotuokoa ni daftari la mama, kwa sababu hakuwahi kuuamini mfumo wangu hata siku moja na alikuwa anaandika kila oda kwa kalamu. Sikumuuliza kwa nini. Kuna maswali fundi hapaswi kuuliza.

Sikia walivyoingia. Chochote kilicho chini ya folda uliyoitaja kwenye DocumentRoot, Apache humpa yeyote anayekiomba. Faili la PHP litaendeshwa kwanza, kwa hiyo msimbo wako hauonekani. Faili la maandishi linatolewa lilivyo. Na .env ya Laravel, faili la siri za mfumo, ni maandishi matupu: nenosiri la hifadhidata, nenosiri la barua pepe, APP_KEY (ufunguo wa kusimba data), vyote vimepangwa vizuri kabisa kwa msomaji. Ukimwaga mradi mzima ndani ya html, mtu anaongeza /.env mwishoni mwa anwani yako na anasoma. Mimi phpMyAdmin, ukurasa wa kusimamia hifadhidata, nayo niliiacha wazi, basi wakapita nayo mpaka ndani wakiwa na nenosiri nililowaandalia mwenyewe.

Usijidanganye kwamba faili lenye nukta mbele limefichwa. Apache ya Ubuntu inakuja na zuio la mafaili yanayoanza na .ht tu, yaani .htaccess na wenzake. .env haimo. Wala usitegemee ile .htaccess ya Laravel uliyoambiwa uilete juu. Kanuni zake zinapeleka ombi kwenye index.php pale tu faili lililoombwa halipo. Sasa .env ipo, imetulia hapo, kwa hiyo inatolewa bila hata Laravel kujua. Na usiniambie "nani ataijua asali yetu?" Hakuna anayeitafuta asali. Kuna programu zinazunguka intaneti nzima kutwa kucha, zinagonga kila anwani ya IP na kuuliza /.env, iwe ya benki au ya dagaa.

Kwa hiyo mafaili usiyahamishe, ielekeze seva. Mradi uweke /var/www/asali, nje ya html, na seva ione public peke yake. Fungua /etc/apache2/sites-available/asali.conf uandike hivi, ukibadilisha jina la kikoa:

<VirtualHost *:80>
    ServerName kikoa-chenu
    DocumentRoot /var/www/asali/public
    <Directory /var/www/asali/public>
        AllowOverride All
    </Directory>
</VirtualHost>

Kisha:

a2enmod rewrite
a2ensite asali
a2dissite 000-default
apachectl configtest
systemctl restart apache2

Weka sudo (inayokupa mamlaka ya msimamizi) mbele ya kila moja. Ukisahau AllowOverride, inayoiruhusu .htaccess isomwe, utaona ukurasa wa kwanza unafunguka vizuri lakini kila kiungo cha ndani kinarudisha 404 (haipo), na utaanza kulaumu Laravel bure. Ile a2dissite nayo usiiruke: ombi lisilolingana na ServerName yoyote huangukia kwenye mpangilio uliosomwa kwanza, na Apache huisoma kwa alfabeti ya majina ya mafaili, ndiyo maana wajanja wa Ubuntu waliuanza wa kwao, 000-default, kwa sifuri tatu.

Kufuta index.html kunaonekana kufanya kazi kwa sababu kwenye dir.conf ya Ubuntu, DirectoryIndex (orodha ya mafaili ya kufungua kwanza) inaitaja index.html kabla ya index.php. Ya kwanza ikipatikana ndiyo inayotolewa. Ukiifuta, zamu inafika kwa index.php. Ndani ya public hakuna index.html, kwa hiyo hilo tatizo huna kabisa. Ila huyo jamaa hawezi kukwambia hivyo, maana video yake ingeisha dakika mbili.

Kuhusu 777, hapana. Laravel inahitaji kuandika kwenye storage na bootstrap/cache tu. Hizo mbili mpe www-data, mtumiaji ambaye Apache huendeshwa kwa jina lake, kwa chown -R; kwingine paache. 777 maana yake yeyote atakayepata upenyo kwenye seva anaweza kubadilisha msimbo wako, kisha Apache inamwendeshea.

Ukimaliza, piga curl -I kwenye anwani yenu ukiongeza /.env mwishoni. Ukiona 404, nunua soda. Ukiona 200 (faili limetolewa), izime Apache hapohapo ndipo uje kuuliza.

Na kama ulishamwaga mafaili kabla ya kusoma hapa (nahisi ulishamwaga, nyie watu mnaouliza "je nifanye?" huwa mmeshafanya), kuhamisha folda peke yake hakutoshi. Piga:

sudo grep '\.env' /var/log/apache2/access.log

Mistari yenye 404 ipuuze, hizo ni programu za mtaani zinagonga na kuondoka. Yenye 200 maana yake mtu ameshasoma. Hapo badilisha nenosiri la hifadhidata, la barua pepe, na APP_KEY kwa php artisan key:generate, ukijua kwamba watumiaji wote watatolewa nje na chochote kilichosimbwa kwa ufunguo wa zamani hakitafunguka kwa mpya. Angalia na access.log.1 na zile za .gz kwa zgrep, maana Ubuntu huhamishia kumbukumbu za zamani kwenye mafaili hayo. Matokeo yalete hapa, ila jina la kikoa lifute kwanza.