Wadogo zangu, mtindo hautafutwi kwa tochi

Kijana akifika kwenye banda letu la wachoraji wa Tingatinga huku Oysterbay, Dar es Salaam, jirani na Morogoro Stores, hata kabla hajashika brashi ataniuliza: "Mzee, nifanyeje niwe na staili yangu mwenyewe?" Hajui bado tina ya kuzimua rangi inaingia kiasi gani, lakini staili anaitaka leo. Simlaumu. Mjini kila mtu anataka kujulikana. Ila jibu ni refu, na nimechoka kulirudia huku rangi inakauka kwenye kopo, kwa hiyo naliandika hapa. Mkija, tuanze na kazi.

Mtazameni kwanza mtu ambaye jina lake ndilo limekuwa jina la kazi yetu. Edward Saidi Tingatinga alikuwa mtu wa Tunduru, akaja Dar es Salaam kutafuta maisha kama wengine, akifanya vibarua, na kwenye mwaka 1968 akaanza kuchora. Hakuwa na rangi za wasanii wa vyuoni. Alitumia rangi ya mafuta ya dukani, ile ya kupakia milango na baiskeli, akaipaka juu ya vipande vya hadibodi. Sasa fikirini rangi ile ilivyo. Inang'aa, ni nzito, inachelewa kukauka, na ukizigusanisha mbili zikiwa mbichi ovyo ovyo unapata tope. Vivuli laini inavikataa. Basi lazima upake eneo zima kwa rangi moja, usubiri, ndipo urudi na mstari na madoa juu yake. Ubao nao ni mdogo, mnyama mmoja anaujaza. Yale wageni wanayoyaita mtindo, kwa sehemu kubwa yaliamuliwa na kopo la rangi na kipande cha ubao.

Kwa hiyo ukija kwangu ukilia kwamba huna vifaa vizuri, sitakuonea huruma sana. Nitakuuliza ulivyo navyo vinakubali nini na vinakataa nini. Vijana wa mchiriku, muziki wa mitaani wa Dar, walipiga vinanda vidogo vya Casio na vipaza sauti vya pembe vinavyokwaruza, na mkwaruzo ule ukawa ndio muziki wenyewe. Singeli imetokea kwenye mitaa ile ile ya uswahilini, Manzese, Tandale na jirani zake, ikapandisha mwendo mpaka mapigo 200 kwa dakika na zaidi. Hakuna aliyesubiri studio ya mamilioni.

Halafu kuna kurudia. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo wengi mnapotoroka.

Chukua chui. Siku ya kwanza unapaka nyuma ya picha. Hapo peke yake unaruhusiwa kuzikutanisha rangi zikiwa mbichi, njano chini na nyekundu juu, unazifuta taratibu kwa kitambaa hadi mstari unaozitenganisha upotee. (Jaribu kijani na nyekundu uone utakachopata.) Unaacha ikauke. Kesho yake unaweka umbo zima la chui kwa rangi moja, bila macho, bila sharubu. Unaacha tena. Ndipo madoa. Doa la chui halijazwi kama kitufe. Ni duara lililokatika, mistari mifupi miwili au mitatu ya brashi nyembamba, katikati pamebaki wazi. Sasa mpe kila mtu bandani achore madoa hayo ubavu mzima. Mmoja anabonyeza mwishoni, doa linavimba. Mwingine anainua mkono mapema, doa linaacha kimkia. Wa tatu madoa yake yote yanaegemea kushoto kwa sababu anakaa upande upande kwenye kigoda. Hakuna aliyekusudia. Wakishachora chui wengi vya kutosha, naokota picha sakafuni, nimeziba kona yenye saini, na najua ni ya nani. Huyo sasa ana mtindo, na yeye mwenyewe mara nyingi hajaujua bado.

Kwa hiyo igeni, tena bila aibu. Ila muige kutoka kwenye kazi yenyewe, mkiwa mmekaa karibu na aliyeichora, mkimwona anavyoshika brashi na anavyosubiri. Picha ya kwenye simu inakuonyesha ilivyoisha tu. Haikuonyeshi alianza na nini, na siri iko huko. Ukishaweza kuichora kazi ya mwenzako bila kuitazama, hamia kwa mwingine mwenye mkono tofauti kabisa. Aliyeiga mtu mmoja maisha yake yote anabaki kivuli cha mtu huyo.

Au iga kutoka ufundi mwingine. George Lilanga, aliyefariki mwaka 2005, alikuwa Mmakonde aliyeanzia kwenye uchongaji. Alipofanya kazi Nyumba ya Sanaa, kituo cha wasanii hapa mjini, mashetani yanayochongwa na Wamakonde kwenye mpingo aliyahamishia kwenye picha za rangi: masikio makubwa, midomo iliyotokeza, matumbo mbele. Kwa wachongaji mashetani yale hayakuwa mageni. Kwenye picha za rangi za kung'aa yalikuwa mageni kweli, na watu wa mbali wakamjua. Wewe mama yako anasuka mikeka? Baba ni fundi wa kunakshi milango? Mna mali ndani ya nyumba.

Wanamuziki wa dansi wanajua jambo jingine ambalo sisi wachoraji tunalisahau. Bendi za Dar zilikuwa na desturi ya kuupa mtindo wake jina, na watu wakaishia kuiita bendi kwa jina hilo: Msondo, Sikinde. Jina la Sikinde lilitoka kwenye ngoma ya Wazaramo. Mlimani Park, ndiyo hiyo Sikinde, ilipoundwa mwaka 1978, wanamuziki wake hawakuwa wageni mjini. Mwimbaji Muhiddin Maalim Gurumo alitokea upande wa Msondo, na miaka ya baadaye akarudi huko huko. Mwimbaji ni yule yule, sauti ni ile ile, lakini mpenzi wa dansi akisikia magitaa na tarumbeta zikiingia anakwambia hii Sikinde, hii Msondo, bila kusubiri mtu aimbe. Maana yake mtindo haukuwa mfukoni mwa mtu mmoja. Uliota kwenye mazoezi ya pamoja na mbele ya wachezaji ukumbini, wanaonyanyuka kwenye viti au wasionyanyuke. Anayejifungia chumbani Sinza akisema anatafuta sauti yake, mimi namtilia shaka.

Kuhusu soko sitasema mengi. Mtalii anataka tembo mbele ya Mlima Kilimanjaro, na kodi ya nyumba hailipwi kwa falsafa. Mchoree, tena vizuri. Lakini ukiona mwaka umepita na hakuna picha hata moja uliyoichora kwa sababu tu ulitaka kuiona, ujue umekuwa mashine ya fotokopi.

Na wanaotaka ushawishi, rudini kwa Tingatinga. Alifariki mwaka 1972, alipopigwa risasi na polisi waliomdhania mhalifu. Miaka yake ya kuchora ilikuwa kama minne tu. Lakini alikuwa amewaita jamaa na vijana wa karibu wakae naye: Ajaba Abdallah Mtalia, Adeusi Mandu, January Linda, Casper Tedo, Simon Mpata. Hao waliendelea, wakafundisha wengine, na baadaye kikaundwa chama cha ushirika. Angekuwa mtu wa kufunika ubao kwa gazeti kila mwenzake anapopita (na ninao majirani wa namna hiyo), tusingekuwa na cha kuzungumza leo.

Najua mtakalouliza: je, nikifundisha, si wataniibia? Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 inalinda picha uliyoichora. Namna yako ya kuchora hailindi. Kwa hiyo tia saini, piga picha kila kazi kabla haijatoka bandani, andika tarehe, na zile unazoona zitakuwa na soko kazisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Ukikuta chui wako mzima mzima amechapwa kwenye fulana za duka fulani, hapo nenda na ushahidi wako, una haki. Ukikuta kijana wa Mwenge anachora madoa yenye kimkia kama yako, hapo huna kesi.