Kichezeo kinachomwachia mtoto kazi

Ndugu Mhariri,

Katika toleo la wiki iliyopita mliwauliza wasomaji maswali mawili: ni kichezeo gani mliwapa watoto wenu kikachezewa kwa miaka mingi, na kama mngeanza upya leo, mngenunua nini? Nimeyatafakari maswali hayo nikiwa nimeketi barazani hapa Tanga, huku mjukuu wangu wa miaka minne akijenga bandari kwa vitofali vya mbao ambavyo mama yake alianza kuvichezea mwaka 1997, na nimeona kwamba jibu langu halitaenea katika mistari michache. Naomba mnivumilie. Nimefundisha chekechea kwa miaka 26 na nimelea watoto watatu, na ni jambo ninalolijali sana.

Mzazi anayetafuta kichezeo cha kudumu kwa kawaida hukibonyeza, hukigonga kwa kucha na kukipima uzito mkononi ili ajue kama kitavunjika. Ni vizuri kufanya hivyo, na nitayafikia mambo hayo. Lakini katika miaka yangu ya kazi nimeona vichezeo vilivyotupwa vikiwa vizima kuwa vingi kuliko vilivyovunjika. Mwanangu wa pili aliwahi kuletewa gari la betri lililowasha taa, likalia king'ora na kujizungusha lenyewe kila lilipogonga ukuta. Siku ya kwanza watoto wa mtaa mzima walijaa sebuleni kulitazama. Siku ya nne nililikuta chini ya kitanda, betri zikiwa bado zina nguvu na magurudumu yote manne yakiwa mahali pake. Halikuwa na kasoro yoyote. Lilikuwa limekwisha kuonyesha yote liliyoyajua, na mtoto hakuwa ameachiwa lolote la kuongeza. Wakati huohuo gari la waya alilotengenezewa, lenye magurudumu yaliyokatwa kwenye kandambili kuukuu, alilisukuma kwa miezi mingi: mara ni lori la mkaa, mara ni basi la Korogwe, mara limefungiwa kopo nyuma na kuwa tela, na kila lilipopinda lilinyooshwa kwa mikono.

Kwa hiyo swali ninalojiuliza kwanza dukani ni hili: mtoto atafanya nini na kitu hiki akiwa na miaka miwili, atafanya nini akiwa na mitano, na atafanya nini akifika tisa? Nikiona kwamba majibu yote matatu yanafanana, au kwamba mwenye kufanya kazi ni kichezeo na mtoto ni mtazamaji tu, nakirudisha rafuni hata kama kimetengenezwa kwa chuma.

Vitofali vya mbao ndivyo vinavyolijibu swali hilo vizuri kuliko kitu kingine chochote ninachokijua. Si uvumbuzi wangu. Friedrich Fröbel, Mjerumani aliyeanzisha kazi yake ya malezi ya watoto wadogo mjini Blankenburg mwaka 1837, tayari aliwapa watoto mchemraba wa mbao uliogawanywa katika michemraba minane midogo. Na mwanzoni mwa karne ya 20 mwalimu Caroline Pratt wa New York alibuni vitofali ambavyo shule nyingi za awali duniani zinavitumia hadi sasa. Siri ya vitofali hivyo iko kwenye vipimo. Unene ni nusu ya upana, na upana ni nusu ya urefu. Nilipojifunza hilo chuoni nililiandika pembeni mwa daftari, na miaka michache baadaye, binti yangu alipofika umri wa miaka miwili, nililipeleka daftari lenyewe kwa fundi seremala wa mtaani kwetu.

Fundi alinisikiliza, kisha akauliza, "Mwalimu, vyote hivi vya nini, na vyote ni vya mraba tu?" Nilimweleza kwamba nataka kitofali kizima kiwe na urefu wa sentimita 14, upana wa 7 na unene wa 3.5, nusu iwe sentimita 7 kwa 7, na kirefu kiwe sentimita 28, unene ukiwa uleule kwa vyote. Nilimwomba asikadirie kwa macho, kwa kuwa kitofali kikizidi hata milimita mbili mnara hausimami vizuri, na mtoto atadhani kosa ni lake. Alitumia mabaki ya mtiki, mbao ambayo kwetu haiko mbali kwa sababu shamba la miti la Longuza liko hapa jirani wilayani Muheza, na alinitoza gharama ya kazi pamoja na kiasi kidogo kwa ajili ya mbao, kwani vipande hivyo vifupi vilikuwa vinangoja kwenda jikoni. Vilitoka vitofali 96.

Akiwa na miaka miwili, binti yangu alivibeba tu. Alivitoa kwenye sanduku, akavipeleka uani, akavirudisha, na nikaelewa kwamba kubeba kitu kizito kinachoshikika vizuri ni mchezo unaojitosheleza. Alipofika miaka mitatu alivipanga mstari kutoka mlangoni hadi jikoni. Miaka minne ilileta kuta, na baada ya kuta yakaja madaraja, yaani kugundua kwamba kirefu kimoja huweza kulala juu ya viwili vilivyosimama mbalimbali. Miaka sita aligundua, bila mimi kumwambia, kwamba nusu mbili hukaa sawasawa mahali pa kizima kimoja, na alipokutana na sehemu katika hesabu za shule hakuona ugeni. Alipokuwa na miaka kumi, wadogo zake wawili walikuwa wamejiunga, na vitofali vilevile vikawa maduka, mizani, zizi la ng'ombe wa udongo na nyumba ya mwanasesere yenye ghorofa. Mtiki una mafuta yake ya asili, mchwa hawaupendi, na haunywei wala kupinda sana katika unyevu wa pwani yetu. Kwa hiyo mwaka hadi mwaka nilichofanya ni kuvipangusa tu na kuvipaka nta ya nyuki kidogo wakati wa likizo.

Bao nalo naliweka katika kundi hilohilo, ingawa wengi hulihesabu kuwa mchezo wa wazee. Tunalo bao la marehemu baba, lenye mashimo 32 katika safu nne za mashimo manane manane, na kete 64 za komwe, zile mbegu ngumu za kijivu za mkomwe ambazo kadiri zinavyoshikwa ndivyo zinavyong'aa. Watoto wangu waliruhusiwa kulishusha baada tu ya kuacha kabisa tabia ya kutia vitu mdomoni. Mwanzoni walijaza mashimo na kuyamwaga, wakihesabu kwa sauti. Wakiwa na miaka sita au saba walifundishwa bao la kujifunza, ambalo kila shimo huanza na kete mbili. Baadaye waliingia katika bao lenyewe la namua, yaani la kuingiza kete ubaoni moja moja, kila mchezaji akianza na kete 22 mkononi, na hapo ndipo mwanangu wa mwisho alipokaa na mjomba wake jioni nzima bila kuinua kichwa. Ni kitu gani kingine dukani kinachoweza kumshika mtoto wa miaka minne na mzee wa miaka 70?

Swali langu la pili ni kama kichezeo kinaweza kutengenezwa kikiharibika, na nani atakitengeneza. Kichezeo chochote kinachochezewa kwa dhati kitaharibika, na hiyo ni dalili ya heshima. Nikichukua gari au baiskeli ya matairi matatu naigeuza chini juu na kutazama jinsi ilivyounganishwa. Ikiwa gurudumu limefungwa kwa nati, fundi baiskeli yeyote atalibadilisha. Ikiwa limebanwa kwa ribiti au gundi, siku litakapochomoka ndipo baiskeli itakapokuwa takataka.

Mwanasesere wa binti zangu alishonwa na mama yangu kwa kipande cha kanga na kujazwa sufi, ile ya kwenye mito, kwa kuwa miti ya misufi tunayo. Katika miaka yake mingi amebadilishwa ngozi mara mbili na kudariziwa uso upya mara tatu. Sufi haipendi maji, kwa hiyo tulipotaka kumfua tulifumua mshono wa mgongoni, tukaitoa sufi na kuianika, tukafua nguo peke yake, kisha tukamjaza tena. Binti yangu mkubwa alijifunza kushona kwenye mgongo wa mwanasesere huyo akiwa na miaka minane, na mishono yake iliyokwenda upande ipo hadi leo. Wanasesere wa plastiki tuliowahi kuletewa walikuwa wazuri kuwatazama, lakini mkono ulipochomoka kwenye kiungo hapakuwa na wa kuurudisha.

Sasa nizungumzie vitu vyenyewe vinavyotengenezea vichezeo, maana hapa wazazi wengi hupotezewa fedha. Mbao iwe imekauka kabisa kabla ya kukatwa, la sivyo itapasuka ndani ya msimu mmoja. Kingo zote zipigwe msasa hadi ziwe za mviringo, na ukipitisha kitambaa laini juu yake kisinase popote. Sipaki rangi vichezeo vya watoto wadogo, kwa sababu watoto huvitafuna, na madini ya risasi yaliyomo katika baadhi ya rangi hudhuru ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo. Anayetaka rangi amwombe fundi amwonyeshe kopo, na asome kama imeandikwa kwamba haina risasi. Plastiki siikatai. Tazama chini ya kichezeo, wakati mwingine utaona pembetatu ndogo yenye namba ndani: namba 2 ni jamii ya plastiki ya madumu yetu ya mafuta ya kula, na namba 5 nayo ni ngumu na hukubali kupinda bila kuvunjika, lakini namba 6 isiyo ya povu hukatika kama biskuti. Plastiki yoyote ikiachwa juani siku nyingi itakauka na kupasuka, kwa hiyo ndoo na koleo za kuchezea mchanga zirudi ndani jioni. Mfano bora wa plastiki ninaoujua ni vitofali vya LEGO: muundo wao wa sasa ulianza Denmark mwaka 1958, na kilichotengenezwa mwaka huo bado kinashikana na kinachotoka kiwandani leo. Dukani bei yake ni kubwa, lakini nimewahi kuvipata kwenye mitumba vikiwa vimechanganywa na takataka nyingine za plastiki. Kichezeo cha mtumba kilichobaki kizima kimekwisha kupita utoto mmoja. Ukioshe, ukikague kama kina nyufa, na ukiache kama rangi yake inabanduka.

Kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu pima kila kipande. Vipimo vya usalama vya kimataifa hutumia kibomba chenye upana wa takriban sentimita 3.2, na kinachoingia humo chote kinaweza kumkaba mtoto. Nyumbani tumia kile kibomba cha ndani cha karatasi ya chooni, ambacho ni kipana kidogo zaidi na hivyo hukupa nafasi ya tahadhari. Jambo jingine, nalo nalisema kwa msisitizo: betri ndogo za mviringo, zinazofanana na vifungo, zinaweza kuunguza koo la mtoto ndani ya saa mbili tu akizimeza. Kichezeo ambacho kifuniko chake cha betri hufunguka kwa kucha, bila bisibisi, kisiingie nyumbani mwenye mtoto mdogo.

Sitaki msomaji adhani kwamba watoto wangu hawakuwahi kushika kitu cha kupita. Sikukuu ilipofika walipokea mkono wa Idi kama wenzao, wakaenda kununua miwani ya plastiki, saa zisizotembea na mapulizo yaliyopasuka kabla ya magharibi. Fedha ilikuwa yao na furaha ilikuwa ya kweli. Ninachosema kinahusu fedha ya mzazi, ile inayotengwa kwa makusudi.

Swali la pili lenu lahusu kuanza upya. Ningeagiza vitofali tena, lakini ningerekebisha mambo matatu. Ningeanza na vitofali 40 badala ya 96, yaani vizima 20, nusu 12 na virefu 8, kwa sababu mtoto wa miaka miwili akimwagiwa rundo kubwa huishia kulikanyaga. Vingine ningeviongeza kila mwaka, na ningemwachia fundi kipande kimoja cha mfano ili vipimo visibadilike. Ningemwomba pia akate vichache vya pembetatu, ambavyo watoto wangu walivitaka kwa ajili ya mapaa nami nikachelewa kuvileta hadi mkubwa alipokuwa na miaka minane. Na ningetengeneza sanduku lisilo na mfuniko. Letu lilikuwa na mfuniko mzito wenye bawaba, ulimbana kijana wangu vidole, na kwa wiki kadhaa baada ya hapo hakuna aliyegusa vitofali, hadi nilipoung'oa na kuufanya ubao wa kukatia mboga.

Wenu,
Mwalimu mstaafu wa chekechea, Tanga