Tambi zimepita tarehe, nizitupe?

Dadangu wa Likoni, umeuliza kama utupe tambi zilizopita tarehe wiki tatu, pamoja na unga wa mahindi. Tambi usizitupe. Tarehe ile ni ya ubora tu: mtengenezaji anaahidi ladha hadi siku hiyo, hasemi zitakudhuru kesho yake. Zimwage kwenye sinia. Kama hazina wadudu wala harufu ya uvundo, zipike na sukari na iliki kama kawaida. Nyama na maziwa ya friji ni habari nyingine, tarehe ya mwisho wa kutumia ikipita, mwaga hata kama hayanuki.

Unga ndio unaonitia wasiwasi. Joto na unyevu wa huku kwetu, hasa masika, huleta kuvu hata kabla ya tarehe. Ushike kiganjani: ukiwa umegandamana mabonge au unanuka uvundo, tupa wote. Usichekeche ukabakisha, wala usiwape kuku. Sumukuvu, yaani sumu ya kuvu hiyo, haiondoki kwa kupika. Mwaka 2004 iliua watu 125 mashariki mwa Kenya, kupitia mahindi. Mimi unga nauhamishia kwenye ndoo kavu yenye mfuniko siku ileile ninayoununua.