Maswali na Majibu: Umeme wa Hot Rod Katika Gereji ya Nyumbani

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zinahusu hot rod, yale magari ya Kimarekani ya kabla ya Vita Kuu ya Pili ambayo vijana wa California waliyavua madigadi, wakayapunguzia uzito na kuyatia injini zenye nguvu zaidi. Walioandika wengi ni ndugu zetu wanaoishi Marekani, ambako vipuri vya magari hayo bado vinauzwa hadi leo. Nimechagua maswali ya umeme, kwa sababu nimeona injini nzuri na rangi ya gharama kubwa zikiteketea kwa waya mmoja uliopitishwa ovyo.

Fundi, nimenunua Ford Model A ya 1930 iliyotiwa injini ya V8 ya mwaka 1950. Umeme wake ni wa volti 6 na stata inazunguka kwa kusuasua. Je, nihamie volti 12? (Msomaji, Columbus, Ohio)

Kabla ya kuhama, ndugu yangu, angalia kwanza unene wa nyaya za betri. Ford ilitumia volti 6, ncha chanya ikiwa ndiyo iliyofungwa kwenye chasisi, hadi magari yake ya mwaka 1955, na mfumo huo uliwasha injini katika majira ya baridi ya Michigan bila malalamiko makubwa. Kazi ile ile ikifanywa kwa nusu ya volti huhitaji mkondo maradufu: taa ya wati 55 huvuta takriban ampea 9 kwenye volti 6, lakini haifiki ampea 5 kwenye volti 12. Kwa hiyo mtu anayenunua nyaya za betri za gari la kisasa na kuzifunga kwenye gari la volti 6 anakuwa ameisonga stata yake. Nusu volti inayopotea njiani ni asilimia 4 tu ya volti 12, ilhali ni zaidi ya asilimia 8 ya volti 6. Tia nyaya zenye shaba ya milimita za mraba 50 hivi, safisha kila kiungo mpaka chuma king'ae, kisha uijaribu stata upya. Huenda swali lako likaishia hapo.

Ukiwa na sababu nyingine, kama vile feni ya umeme, redio ya kisasa au taa zenye nguvu, basi hamia volti 12 na ethi hasi (yaani ncha hasi ndiyo ifungwe kwenye chasisi) bila kusita, lakini fanya kazi hiyo kwa ukamilifu. Balbu zote zibadilishwe. Geji za zamani zitahitaji kipunguza volti, na dinamo, ile mashine ya zamani ya kuchaji betri, itoe nafasi kwa alteneta. Koili, inayozalisha umeme wa cheche, ibadilishwe kwa ile ya volti 12, pamoja na rizista yake (kipunguza mkondo) ikiwa aina hiyo inaihitaji, la sivyo pointi, yaani vile viguso vinavyokata na kuunga mkondo wa koili, zitaungua. Nyaya mbili ndogo za koili lazima zibadilishane mahali, kwa sababu ncha za betri zimegeuzwa, na cheche iliyogeuzwa upande huwa dhaifu. Stata haijali upande wa ncha, itazunguka kule kule ilikozoea, na wengi huiacha ile ile ya volti 6. Inastahimili hali hiyo mradi usiishikilie kwa muda mrefu, kwa kuwa sasa inazunguka kwa nguvu ambayo haikuundiwa.

Usisahau ile geji ya ampea iliyo kwenye dashibodi. Mkondo wote wa kuchaji hupita ndani yake, na ilitengenezwa kwa dinamo ndogo. Ukiunganisha alteneta ya ampea 100 kupitia geji hiyo, umeweka kipashajoto nyuma ya dashibodi. Weka geji ya volti badala yake, na waya wa alteneta uende moja kwa moja kwenye betri ukiwa na fyuzi yake.

Gari langu ni nakala ya Ford ya 1932 yenye bodi ya faibaglasi. Nikiwasha indiketa ya kushoto, taa ya nyuma ya kulia nayo inapepesa, na taa kubwa zinafifia. Nimebadilisha swichi lakini hali ni ile ile. (Msomaji, Houston)

Swichi haina kosa. Umeme unaokwenda kwenye balbu lazima upate njia ya kurudi kwenye betri, na katika gari la chuma bodi yenyewe ndiyo njia hiyo. Faibaglasi haipitishi umeme hata kidogo. Mkondo wa indiketa yako unapokosa pa kurudia hupita ndani ya uzi wa balbu nyingine, ukitafuta chuma popote ulipo, ndiyo maana taa isiyohusika inapepesa.

Dawa yake ni kuipa kila taa, kila geji na kila mota waya wake wa kurudi, nyaya hizo zikusanywe kwenye upau mmoja wa shaba nyuma ya dashibodi na upau mwingine karibu na buti, kisha kila upau uunganishwe kwa waya mnene na chasisi. Betri ifungwe ethi kwenye injini yenyewe, na utepe mwingine wa shaba utoke kwenye injini hadi chasisi, kwa kuwa injini imekalia mipira ambayo nayo haipitishi umeme. Wengi huusahau utepe huo. Hapo mkondo wa stata, ambao ni mamia ya ampea, hurudi kupitia kebo ya akselereta au ya choki, na mwenye gari hushangaa kebo inatoa moshi wakati injini inawashwa.

Kupima ni rahisi. Washa taa, weka mita kwenye kipimo cha volti, gusa gamba la balbu kwa ncha moja na ncha hasi ya betri kwa nyingine. Ukisoma zaidi ya sehemu mbili za kumi za volti, njia ya kurudi ni mbovu. Upimaji huu ufanywe taa ikiwa inawaka, kwa sababu waya uliobaki na nyuzi mbili tu za shaba huonekana mzima pale ambapo hakuna mkondo unaopita.

Na wenye bodi ya chuma wasidhani kwamba wamesalimika: rangi nene juu ya chuma huzuia umeme sawa na faibaglasi. Kwangua mpaka chuma kitokeze, kaza boliti, kisha upake grisi juu ili kutu isiingie.

Vijana wa zamani waliendesha bila fyuzi wala relei. Kwa nini mimi nisifanye hivyo? (Msomaji, Dar es Salaam)

Ni kweli umeme wao ulikuwa mchache. Kabla ya vita walikwenda kwenye sakafu tambarare za maziwa yaliyokauka maji huko California, kama vile Muroc, wakavua taa na madigadi, wakashindana, kisha wakarudishia kila kitu na kwenda nyumbani. Chama cha SCTA (Southern California Timing Association) kilichoundwa mwaka 1937 kilizipa mbio hizo utaratibu, na Speed Week, yaani wiki ya mbio za kasi, ya kwanza pale kwenye uwanda wa chumvi wa Bonneville, Utah, ilifanyika mwaka 1949. Gari la aina hiyo lilihitaji stata, koili, taa chache na honi. La kwako pengine lina pampu ya petroli ya umeme na feni inayovuta ampea 25, hivyo ulinganifu huo hausimami.

Fyuzi hulinda waya, na kwa sababu hiyo hukaa mwanzoni mwa waya, karibu na betri, si karibu na kifaa. Ukubwa wake huchaguliwa kwa kufuata unene wa waya. Taa mbili za wati 55 huvuta ampea 9 hivi, basi waya wa milimita za mraba 2.5 na fyuzi ya ampea 15 vinatosha. Feni iliyotajwa nitaipa waya wa milimita za mraba 6 na fyuzi ya 40. Relei nayo huiwezesha swichi ndogo ya zamani kuamuru mkondo mkubwa bila kuubeba yenyewe, na hivyo unaweza kubaki na swichi ya asili ya 1932, jambo ambalo mimi nalipenda sana. Pampu ya petroli ipewe swichi ya ziada inayokata umeme gari linapogongwa.

Vichwa vya waya vichomelewe kwa risasi au vibanwe kwa koleo? (Msomaji, Minneapolis)

Vibanwe, kwa koleo lililotengenezwa kwa kazi hiyo, si plaiz ya kawaida. Risasi hupenya kati ya nyuzi na kuzigandisha, na mtetemo wa gari hukata waya pale ugumu unapoishia. Ukishabana, vuta kwa mkono kwa nguvu: kikitoka, hakikufaa. Kisha funika kwa mpira unaosinyaa kwa joto. Anayetaka sura ya zamani anaweza kununua waya wa kisasa uliofumiwa pamba kwa nje, nao ni salama.

Gereji yangu imeshikana na nyumba, na hita ya maji ya gesi iko humo humo. Kuna hatari gani? (Msomaji, Portland, Maine)

Ipo, nayo ni kubwa. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hivyo hutambaa sakafuni hadi ukute mwali. Ndiyo maana kanuni za ujenzi za Marekani hutaka mwali wa hita ya gereji kwa kawaida uwe angalau inchi 18, yaani sentimita 46 hivi, juu ya sakafu. Umbali huo haukuruhusu kumwaga petroli humo: kazi ya tangi na kabureta ifanyike nje, mlango ukiwa umefungwa nyuma yako. Injini isiwashwe ndani hata kwa dakika moja ya majaribio, kwani gesi ya sumu ya kaboni monoksidi iliyo katika moshi wake haina harufu na hupenya hadi vyumba vya kulala. Weka kigunduzi chake ndani ya nyumba.

Kuna jambo jingine ambalo watengenezaji wa magari nyumbani hawalizingatii. Baadhi ya vipulizo vya kusafishia breki vina kemikali za klorini, na chuma kilichosafishwa kwa vipulizo hivyo kikichomelewa kabla hakijakauka hutoa gesi ya fosjini, ambayo inaweza kuua. Soma kopo kabla ya kununua, na uchague lile lisilo na klorini. Kila unapotaka kuchomelea, ondoa waya wa ethi wa betri kwanza, na klipu ya mashine uibane karibu kabisa na mahali unapochomelea, ili mkondo wake usipite kwenye beringi wala kwenye alteneta uliyoifunga jana.